Chai ya saa kumi, mlango nimeufunga

Mtanisema, najua, lakini wacha nitangulie mwenyewe: mwezi wa Juni nilikunywa chai ya alasiri peke yangu, juu ya kitanda, ndani ya meli, mlango nimeutia komeo, na sikumkumbuka mtu. Si mamangu, si ndugu, si jirani wa kwetu Kibokoni, Mombasa. Nusu saa nzima. Kikombe kilipoisha nikamimina cha pili.

Sisi wa ughaibuni tuna maneno yetu tuliyoyakariri. Huku watu hawana watu. Huku kila mtu na kikombe chake, nyumbani chai ni ya hata mpita njia. Nimeyasema haya miaka 19 nikiwa Southampton, Uingereza, harusini, msibani, ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku. Na kazi yangu ni kutunza wazee, kwa hiyo upweke wa Kizungu sikuhadithiwa, naufungulia mapazia kila asubuhi. Lakini tangu safari ile nimeanza kushuku kwamba sifa zote tunazoimwagia chai ya nyumbani tunazitoa tukiwa tumekaa kiti cha mgeni. Aliyekuwa jikoni hatujamuuliza.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Nilitimiza miaka 50, watoto wakachanga, wakanikatia tikiti ya siku saba kutoka Southampton hadi Norway, kwenye zile fjordi, mikono ya bahari iliyopenya katikati ya milima. Binti yangu mdogo akafuatana nami, maana kabini huuzwa kwa hesabu ya watu wawili. Ukienda peke yako unalipia na kitanda usichokilalia.

Meli za namna hii nilizijua toka utotoni, kwa nje. Jumapili jioni tulikuwa tukienda Mama Ngina kupunga upepo, tunanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na mara moja moja meli ya watalii ikitupita pale mbele ikiingia bandari ya Kilindini, nyeupe, ndefu kama mtaa. Tulihesabu madirisha tukashindwa. Kakangu aliapa kwamba mle ndani mna ng'ombe, kwa ajili ya maziwa. Ng'ombe sikumuona, ila mengine mengi tuliyoyawaza yamo. Bahari yangu mimi ilikuwa feri ya Likoni, na mara mbili boti ya kutoka Unguja kwenda Pemba, ile ambayo hujakaa vizuri umeshapewa mfuko wa plastiki, na unajua ni wa nini.

Siku ya kwanza tulikwenda kunywa chai ukumbini kama watu waungwana. Wahudumu wamevaa glavu nyeupe, wanapita na masinia. Sandwichi za matango zimekatwa kingo, nyembamba kama kidole, unaimaliza hujajua ulikuwa unakula nini. Kisha ikaja skonzi. Nikafurahi kusikia jina. Mtu wa Kenya ukimwambia skonzi anakiona kile kimkate laini, kitamu, cha kununua dukani ukitoka shule. Hii yao ni kaka mkubwa asiyecheka: kavu, inamomonyoka, hailiki mpaka uipasue katikati uipake jemu na krimu nzito kama samli iliyoganda. Watu wa Devon hutanguliza krimu, wa Cornwall hutanguliza jemu, na meza ya pili walikuwa wakibishana juu ya hilo kwa moyo wote, kama sisi tunavyobishana mwezi umeonekana au haujaonekana.

Waingereza husimulia kwamba desturi hii ilianza kwenye miaka ya 1840 kwa Anna, Dachesi wa Bedford, bibi wa tabaka la juu. Chakula cha usiku kwao kilichelewa mno, njaa ikawa inamshika alasiri, akaagiza aletewe chai na mkate chumbani. Angalieni hapo: chumbani kwake. Ukumbi na wageni vilifuata baadaye. Na aliyepandisha sinia ngazini katika hadithi hiyo hatajwi jina.

Basi kesho yake nikamfuata Anna. Binti yangu alikuwa na mambo yake kwenye bwawa la kuogelea, mimi nikabaki kabini. Wenye kupenda chai, kabla hamjalipa pesa zenu, ulizeni hili: mna birika la umeme chumbani au hamna? Meli zinazotengenezewa Waingereza kwa kawaida huliweka. Za Kimarekani nyingi haziweki, na ukibeba lako linazuiwa wakati mizigo inakaguliwa, kwa hofu ya moto. Letu lilikuwa dogo, waya wake mfupi hata ilibidi nilichemshie juu ya meza ya kujipodolea, na kando yake vikombe viwili, pakiti za chai, na vile vikopo vya maziwa vya kufungua kwa kucha, ambavyo kimoja hutia kwenye kikombe na kingine kwenye mkono wa nguo. Vya kulia nilipiga simu, vikaletwa.

Kilichonitatiza ni saa. Nyumbani chai ya alasiri haina saa ya ukutani, ina adhana. Watu wanaswali, wakitoka msikitini sufuria iko motoni. Kwenye zile fjordi mwezi wa Juni jua linazama baada ya saa tano usiku, na alasiri inaingia saa kumi na mbili imeshapita. Southampton wakati wa kiangazi mambo ni karibu hayo hayo, lakini huko saa kumi huwa niko kazini, nakunywa nimesimama, sipati nafasi ya kuwaza. Sasa nimekaa, chai mkononi, mwili mzima unaniambia nimekwisha kuswali na sijaswali. Nikasubiri saa mbili na ushei, nikitafuta kibla kwa dira ya simu na meli nayo inajigeuza.

Siku ya fjordi ya Geiranger ndiyo sitaisahau. Meli ilijivuta polepole kati ya kuta za mawe, karibu hata nikadhani nikinyoosha mkono nitagusa. Upande mmoja yanashuka maporomoko wanayoyaita Dada Saba, na ng'ambo yake, yakitazamana nayo, lile la Mposaji, limesimama peke yake. Nilikuwa roshani ya kabini, khanga mabegani juu ya sweta, kikombe kinatoa moshi kwenye ule ubaridi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hakuna aliyesema "nami nitilie". Hapo ndipo nilipojua ninachokifurahia. Majabali yalikuwa mazuri, lakini mimi nilikuwa nafurahia mlango.

Mamangu alipika chai ya alasiri kila siku ya Mungu. Maji na tangawizi iliyopondwa kwanza, majani yachemke mpaka yaive, ndipo maziwa, iliki tatu, kisha anaisimamia kwa upawa isije ikafurika. Huku bajia ziko kwenye karai. Barazani wamekaa babangu, majirani wawili watatu, na mtu mmoja ambaye kila siku alikuwa "anapita tu". Vikombe vyetu vilikuwa saba. Wa nane akawa yeye, anangoja kimoja kirudi akisuuze. Sina kumbukumbu ya mamangu akinywa chai ya moto. Alikunywa ya mwisho, iliyokwisha kufanya utando, amesimama mlango wa jikoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje kwa sababu kuna mtu anamwita. Nilipofika miaka 12 nikaingizwa mimi kwenye karai, naye akapata nafasi ya kufua.

Sasa nikisikia mwanamume wa kwetu aliyeko Leeds au Toronto akisema anakosa "ile chai ya baraza", namuelewa. Mimi pia naikosa, na ilikuwa chai kweli kweli. Hii ya kutumbukiza pakiti kwenye maji moto ni kuosha kikombe tu. Lakini kaka yangu, wewe hukuwahi kuosha vile vikombe saba.

Nisijitie malaika. Aliyeniletea sinia kabini alikuwa kijana wa Goa, India. Anagonga mara mbili, anataja kazi yake, anahesabu pumzi mbili, ndipo anaingia. Mimi nagonga hivyo hivyo kwa wazee wangu, kwa hiyo siku ya kwanza tu tuliangaliana kama watu wa fani moja. Nikamwambia chai yenu haina neno, ila haijachemka. Akacheka, hata mamake, akasema, haitaki ya pakiti. Kesho yake, pamoja na sinia rasmi, akaniwekea kikombe cha karatasi chenye kifuniko kutoka chumba cha kulia cha wafanyakazi. Chai ya maziwa, imepikwa, iliki unaisikia kabla hujafungua. Nikamuuliza yeye huinywa wapi. Kwenye ngazi, akanijibu, kati ya kabini na kabini.

Kwa hiyo hata huku starehe ya aliyekaa ina mtu aliyesimama. Hilo nalikubali, na bahasha niliyomwachia siku ya mwisho haikunitoa deni lote. Lakini kijana yule ana mkataba. Una mwezi wa kuanza na mwezi wa kwisha, na ukiisha anapanda ndege kwenda kwao. Mkataba wa mamangu haukuandikwa tarehe ya mwisho, na tuliokuwa barazani tuliuita upendo.

Nilipasua pakiti moja ya chai, kwa udadisi tu, nikaimwaga kiganjani. Punje ndogo nyeusi, zile za kusagwa kwa mashine. Nazijua. Babangu alikuwa mpagazi kwenye maghala ya chai ya Shimanzi. Mnada wa chai umehamia Mombasa tangu 1969, kabla ya hapo ukifanyika Nairobi, na chai ya Kericho na Nandi, pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, huteremka kwetu kwa malori, ikauzwa, ikapakiwa melini. Babangu alirudi nyumbani na vumbi lake kwenye kola na ndani ya masikio. Akipenga, leso inatoka ya kahawia. Waingereza ni wateja wa zamani wa chai yetu, huichanganya na nyingine wakaitia kwenye pakiti zao. Pakiti ile haikuandikwa imetoka shamba gani. Nilipoinusa tu, nikaisikia kola ya babangu.

Desemba nilikwenda Mombasa, nikasema nijaribu. Alasiri, baada ya swala, nikapika chai mwenyewe, nikaitia kwenye chupa, nikapakua za barazani, nikaacha bajia mezani, halafu nikaingia chumbani na ile chupa na kikombe kimoja. Nikafunga mlango. Dakika mbili hazijafika, mtoto wa dadangu: "Mama mkubwa, umelala?" Sijalala. Akaondoka kutangaza kwamba sijalala. Akaja shangazi, hodi yake na kuingia ni kitu kimoja, akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. "Una homa?" Sina, shangazi, nakunywa chai. Akaniangalia, akaiangalia chupa, akatoka bila kusema, na kwa shangazi yangu hiyo ni hukumu nzito.

Wa mwisho akaja mamangu. Ana miaka 78, anatembea kwa kushika ukuta. Nikamwambia akae. Akakaa ukingoni mwa kitanda, nusu tako, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kikombe cha pili hakikuwapo, basi nikammiminia kwenye kifuniko cha chupa, ikafuka moshi mpaka miwani yake ikaingia ukungu. Akapuliza. Akanywa. Akapuliza tena.

Barazani mtu akapaza sauti: "Mama yuko wapi? Wageni hawa!"

Akanyanyua kichwa, akautazama mlango, akautazama na mkono wangu.

"Hilo komeo," akaniambia kwa sauti ya chini, "lisukume."