Wiki ya Tano, Shu Tena

Leo Jumamosi, saa kumi na mbili haijatimia vizuri, mtu wa chukudu (ile pikipiki ya mbao ya kusukuma, ya kubeba mizigo) anapiga mlango wangu sawa vile anadai deni, natoka na singlendi, napokea kikapu yangu ya wiki, nafunua jani la ndizi lenye lilikuwa juu, na nani ananiangalia? Shu. Shu tatu. (Wale wa Dar, kwenu ni kabichi, poleni na nyie.) Nikawaza labda chini kuna karoti, nikapekua, chini nikakuta shu ya nne, kadogo, imejificha sawa mtoto mwenye anaogopa chanjo.

Wiki ya tano hii.

Mimi ni mtu wa serikali, nafunga kravati kila asubuhi, mshahara tusiongee. Kuna kijana wa avenue yetu alimaliza agronomia, akatukalisha siku ya Mungu baada ya misa akatueleza kwamba Ufaransa tangu 2001 wako na kitu banaita AMAP, mtu wa mujini anamulipa mkulima mbele hata ya kupanda, kisha kila wiki anapata fungu lake la chenye udongo ulitoa. Na Wajapani walianza zamani kuliko hao, banaita teikei. Mashamba iko Kibumba, kikapu inashuka na chukudu, dola 15 kwa mwezi. Ufaransa, Japani, mimi nikajiona tayari niko mutu wa dunia. Akasema pia kama mvua imeharibu tunagawana hasara, hapo sikuuliza kitu, juu hapa Goma hasara tunagawanaka bila kujiandikisha popote.

Noti yangu ya dola kumi ilikatalewa mara ya kwanza, eti imepasuka. Ilipasuka urefu wa mguu wa sisimizi.

Na usiniambie nipande mwenyewe. Parseli yangu iko juu ya mawe ya volkano ya 2002, kuchimba choo tu tulimaliza nyundo mbili.

Sasa bibi yangu, mama ya watoto. Wiki ya kwanza alipika shu na sambaza, tusamaki tudogo twa ziwa, tukasifu. Ya pili shu na maharagi. Ya tatu shu na karanga. Ya ine mapasa wetu (mapacha) wakaipa shu moja jina na wakakataa ikatwe. Leo aliangalia kikapu, hakusema neno, akaniangalia mimi, akarudi kulala. Nikajua shu lazima zitoke kwenye hii nyumba mbele aamuke. Nikawaza nipeleke kwa dada yangu mukubwa kule Ndosho. Shida ni moja: kufika kwenye moto, zile pikipiki za abiria, unapita kwa kona, na kwa kona kuna Mama.

Mama wa kona anauzaka lenga-lenga (mchicha), matembele na sombe (kisamvu) ya kutwanga. Iko na kadaftari ka madeni, na katika kale kadaftari mimi niko na ukurasa wangu peke yangu. Wiki tano nilikuwa nazungukia nyuma ya kanisa ili asinione. Lakini leo na uzito wa shu ine nikasema siwezi zunguka, nikavaa koti, mbili nikaweka kwa mfuko, mbili ndani ya koti, nikatembea sawa mutu mwenye iko na mambo mingi.

"Baba Mapasa."

"Mama! Umeamukaje?"

"Nimeamuka. Njo wewe umepoteaka. Tulisema labda ulihamia Gisenyi, kule Rwanda."

"Kazi mama, kazi mingi."

Akaangalia koti. Hakuangalia uso, aliangalia koti.

"Na hii tumbo imekuya lini?"

"Ni presha, mama."

"Presha iko na majani?"

Kumbe jani lilikuwa limetokea kwa kifungo. Akasimama, akaingiza mkono mwenyewe, akatoa shu yangu mbele ya watu, akaigonga na kidole sawa muganga, akainusa. "Ya Kibumba. Ulilipa ngapi?" Mimi mjinga nikamueleza. Nikamueleza yote, na Wajapani ndani. Akageuka: "Ba mama, mukuye muone! Baba Mapasa alilipa shu mbele ipandwe!" Wakakuja. Mama wa makala, mama wa ndizi, hata yule wa vocha mwenye haachaka parasoli yake. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Na mahari, Baba, ulitoaka mbele bibi azaliwe?"

Nikarekebisha kravati. Sikuwa nimevaa kravati. Nikasema, "Mama, huu ni mfumo wa kumusaidia mkulima. Mvua ikiharibu, tunagawana hasara."

Hapo akaacha kucheka.

"Ile siku lenga-lenga zangu zilioza, gari imelala Sake siku tatu, wewe uligawana na mimi hasara gani? Si ulikuya ukasema, mama hizi zimechoka, punguza bei?"

Nilisema hivyo. Nakumbuka hata kidole nilikuwa nazigusa nacho. Na ile miezi banki zimefunga, ni kale kadaftari njo kalitukulisha. Sasa mutu akikosa jibu anapandisha sauti, nami nikapandisha, nikasema mama mimi nimechoka, umeme unakuya wakati unataka, maji vile vile, mshahara ndio usiseme, nilitaka kitu kimoja tu katika huu muji kifike siku yenye kilisema kitafika! Mama wa makala akasema, "Lakini Baba, hizi shu si zinafika?"

Zinafika. Hazijakosa hata wiki moja, barabara iwe vile iko. Ni hiyo njo inaniua.

Mama akachukua shu zote ine, akazipanga kwa meza yake, kubwa mbele, akafungua kadaftari, akafuta mistari miwili. Miwili! Nikataka kubishana, akanipa fungu mbili za lenga-lenga na akasema nenda, bibi ataamuka. Hata sijafika mbali nasikia anamuuzia mutu: "Ya Kibumba hii, ya leo asubuhi, mfumo wa Ufaransa." Na bei aliyotaja sitaiandika hapa, watoto wanasoma.

Kufika nyumbani simu inalia, yule kijana wa agronomia ametuma odio kwa grupu: "Ndugu wapendwa, wiki ijayo shamba limetuletea furaha kubwa, tutakuwa na..." mega ya intaneti ikaisha. Imeisha aje wakati niliweka jana mangaribi? Nakwenda kuangalia, ni mujomba wangu wa Bukavu, mwenye kila asubuhi anatuma picha ya maua na maneno ya baraka, lakini jana alituma video, dakika kumi na moja, maua yanafunguka pole pole