AC Imefunga Virago

Kabla sijaanza kufundisha, nilikaa mapokezi ya hoteli moja upande wa Nyali kwa misimu miwili. Mchana mmoja wa Februari, lile joto la kaskazi ambalo waoga na kabla hujajifuta umeshatota jasho, simu ikalia kutoka chumbani. Mzee wa Kiingereza, sauti ya upole kabisa, akaniambia: "I'm afraid it's packed up." Neno "pack" nalijua tangu shule ya msingi. Nikamjibu hakuna tabu, nikachapa bili yake, nikamtuma kijana wa mizigo apande na kigari akachukue masanduku.

Alichokikuta juu ni mzee amejifunga taulo, kifua chachuruzika maji, na nguo zake zote zimetundikwa kabatini. Hakuwa na safari. Ilikuwa ni AC imeharibika. Kumbe kwa Waingereza mashine ikigoma, nayo hufunga virago. Meneja alinisema mpaka masikio yakawaka moto. Fundi akapanda, akabonyezabonyeza, akashuka na kuniambia, "Hii imekufa." Nikaandika kwenye kitabu cha matengenezo bila kushtuka, wala sikuuliza yazikwa saa ngapi.

Siku hizi nafundisha tuisheni Kisauni, baada ya magharibi, vijana wanaotafuta kazi za hoteli na za kutembeza watalii. Sarufi ya nyakati hawaiogopi. Kinachowavunja moyo ni vile vijineno: up, off, out, in, over. "Give" ni kutoa, sawa. Lakini "give up" ni kukata tamaa, "give in" ni kusalimu amri, na "give away" yaweza kuwa kugawa bure au kutoboa siri. Kila mmoja ana daftari lenye orodha aliyoinakili mahali, vitenzi mia na maana zake, na kila mmoja huikariri usiku na kuisahau asubuhi. Mimi orodha hizo nimezipiga marufuku darasani. Nitasema kwa nini, ingawa wenzangu wa kazi hawakubaliani nami.

Kwanza, tusijione wajinga. Samuel Johnson, yule aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi wake kwamba hapa ndipo wageni wanapopata taabu kubwa kuliko pengine pote. Akatoa na mifano, "break off" ikiwemo. Yaani mwenye nyumba mwenyewe alishakiri kwamba ngazi yake ina utelezi.

Pili, shule zetu zilitupa nusu ya lugha. Tulifundishwa "postpone", "tolerate", "extinguish". Ni maneno yenye asili ya Kilatini, ya kalamu na ofisi. Mlango wake ulifunguka baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na Kilatini cha wasomi kikazidi kuchotwa karne zilizofuata. Lakini Mwingereza akiwa jikoni kwake husema "put off", "put up with", "put out". Basi kijana wangu akimwambia mtalii "kindly extinguish your cigarette", huwa amesema Kiingereza safi, ila ni kama barua iliyotoka kwa chifu. Naye mtalii akimjibu "I'll put it out", kijana aitazama ile sigara akidhani itawekwa nje.

Hoja yangu ni kwamba mchezo huu twaujua tangu utotoni, ila sisi twauchezea kwenye mkia wa kitenzi. Jana niliandika ubaoni sentensi mbili: "Nimehama Likoni" na "Nimehamia Likoni". Nikauliza, "Huyu wa kwanza yuko wapi?" Wakacheka. Kila mtu ajua wa kwanza ameshaondoka na wa pili ndiyo kwanza ashusha godoro. Irabu moja tu, na mtu amevuka feri kinyumenyume. Funga na ufungue vipi, ziba na uzibue vipi, hatujawahi kuandikiwa orodha.

"Lakini Ticha," akasema msichana mmoja wa mbele, "hizo zetu zina akili. Zao hazina."

Nikamwandikia "ona" na "onea". Kuona ni kazi ya macho. Kumwonea mtu ni kumdhulumu. Macho hayamo kabisa. Nikamwandikia "amka" na "amkia". Waweza kumwamkia mzee saa kumi jioni, na nyote wawili mko macho tangu alfajiri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hee."

Kwenye mpangilio wa maneno ndiko nakaa muda mrefu zaidi, kwa sababu huko makosa husikika hata kwa asiye mwalimu. Chukua "look over". "He looked over the wall" ni mtu anachungulia upande wa pili wa ukuta. "He looked over the bill" ni mtu anaipitia bili. Kwa jicho ni sura moja. Sasa ondoa jina, uweke "it". Ukuta: "looked over it". Bili: "looked it over". Katika bili, kile kijineno ni mali ya kitenzi, na "it" lazima ijipenyeze katikati yao. Katika ukuta, kijineno ni mali ya ukuta na hakibanduki. Ndiyo maana "turn off it" huumiza sikio la Mwingereza, wakati "look after it" haimsumbui. Sisi nasi tuna ukali huohuo. Wasema "izime", hiyo i- ikitangulia, na ukimsikia mtu asema "zima-i" wajua si wa hapa.

Naam, tunakosea pia kwa namna yetu wenyewe. Wakenya tumeikata "pick up" mkia, "nitakupick saa kumi", kisha tukauchukua ule mkia tukaubandika pasipohitajika, "cope up with". Kwenye mtihani nakata alama. Barazani simsahihishi mtu, maana ni adabu mbaya, na pia kwa sababu nami husema hivyohivyo nikiwa na haraka.

Swali gumu lililetwa na kijana wa nyuma, dereva wa tuktuk, ambaye kwa kawaida huja kulala. "Up ni juu. Sasa 'eat up', 'use up', 'drink up', juu iko wapi?" Nikamuuliza redio yake ya tuktuk husemaje kesi ikishindwa kortini. Akajibu palepale, kwa sauti ya mtangazaji: "Mahakama imeitupilia mbali." Mbali wapi? Faili liko kwenye kabati lilelile. Na jina likifutiliwa mbali, limekwenda umbali gani? Hiyo "mbali" imeshaacha kazi ya kupima masafa. Kazi yake sasa ni kusema jambo limekwisha, halina marejeo. Na "up" ya "eat up" ndiyo kazi yake: kula mpaka sahani ing'ae. Nao Waingereza kesi kama hiyo husema "thrown out", na hakuna anayekwenda kuitafuta uani.

Akakaa wima, jambo ambalo sijapata kuliona kwake. "Basi niambie 'get', Ticha. Get up, get by, get over, get on, get away with."

Nilikuwa nimeshika chaki, nawaza nianzie ipi, adhana ya isha ikaniokoa.