Rangi ya Meno Yetu na Uhuru wa Kuibadili

Kwa yeyote aliyekulia chini ya Mlima Meru, meno ya rangi ya kahawia si jambo la kushangaza, kwa kuwa ndiyo aliyoyaona kwa mama yake, kwa mwalimu wake na kwa wenzake darasani. Ugeni huanza siku anapofika Dar es Salaam kusoma au kutafuta kazi, akagundua kwamba watu wanamtazama mdomoni na kudhani kuwa hapigi mswaki. Tangu hapo mkono hupanda wenyewe kufunika mdomo kila anapocheka. Kwa kuwa madaktari wa meno sasa wanaweza kuififisha au kuifunika rangi hiyo, vijana wengi wa kwetu wanajiuliza kama wajikubali walivyo au wayabadili meno yao.

Wanaohimiza kujikubali wana hoja nzito. Madoa haya hayatokani na uchafu. Maji mengi ya eneo hili hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floridi kwa kiwango kinachozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa katika miaka minane hivi ya mwanzo, wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya, tabaka gumu la nje la jino huumbika likiwa na kasoro, nalo hushika rangi ambayo hakuna mswaki utakaoiondoa. Asiye na kosa hana sababu ya kuona haya. Tena matibabu mengine hayana kurudi nyuma: kubandika vinia, yaani vigamba vyembamba vya kufunika meno kwa mbele, mara nyingi hulazimu jino lisagwe kidogo kwa mbele, jino lililosagwa halioti upya, na vinia vyenyewe huhitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa, hivyo kijana wa miaka 20 anayeamua leo anajifunga kurudi kwa daktari maisha yake yote.

Hoja hiyo huteleza, hata hivyo, inapoegemezwa kwenye methali ya "Mwacha asili ni mtumwa". Ni asili ipi inayozungumzwa? Watoto wawili wa baba na mama mmoja, mmoja akilelewa hapa kwetu Arumeru na mwingine akapelekwa mapema kwa shangazi kwenye maji yasiyo na floridi nyingi, watakua na meno ya rangi tofauti. Rangi hii haikuja na damu, ilikuja na ndoo. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba wito wa kujikubali, ukikaririwa bila tahadhari, humpunguzia mzigo anayepaswa kuleta maji salama, ilhali floridi hiyo hiyo ikizidi sana hudhuru mifupa na huweza kupinda miguu ya watoto. Njia za kuichuja zinajulikana. Hapo Ngurdoto kuna kituo ambacho kimefanya utafiti wa kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Hatuwezi kumfundisha mtoto kuyapenda meno yake huku tukiendelea kumtekea maji yale yale.

Wanaotetea mabadiliko husema kila mtu ana mamlaka juu ya mwili wake, nami nakubali, ila naona hawaulizi vya kutosha ni nani anayesukuma. Binamu yangu alipoomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya kitalii, aliambiwa kwa upole kwamba arekebishe meno kwanza. Wiki hiyo hiyo alikwenda kwa daktari akiwa na fedha za kukopa. Daktari alimwuliza, "Wasipokupa hiyo kazi, bado utayataka?" Alishindwa kujibu, akarudi nyumbani.

Naliheshimu swali lile, lakini nisingependa ligeuzwe kuwa sheria. Tabasamu ni la kuonwa na watu, na kumtaka mtu awe na sababu zisizoguswa na macho ya wengine ni kumtaka kitu tusichomtaka anayeshona nguo mpya ya harusi. Anayetaka kucheka bila kujifunika mdomo hajaikana nafsi yake. Ninachokitazama mimi ni kama haja hiyo inabaki pale anayeshinikiza anapoondoka, na kama mwenyewe amepima gharama zake akiwa ametulia, si siku ile aliyotoka kuaibishwa. Kwa kipimo hicho, aliyeambiwa "jikubali" hadi akanyamaza hajaamua mwenyewe, sawasawa na aliyekopa kwa ajili ya kumridhisha mwajiri.

Kazi ile alipewa mwingine. Binamu yangu alifungua duka la ushonaji pale Maji ya Chai, akaolewa, akapata binti. Fedha za kwanza alizoweka akiba alinunulia tangi na mabomba ya kukingia maji ya mvua, ambayo karibu hayana floridi, ili mtoto anywe hayo. Mwaka uliofuata alirudi kwa daktari yule yule, wakakubaliana asisagwe jino lolote kwa ajili ya vinia, bali tabaka la juu lisuguliwe kidogo kwa dawa na kung'arishwa. Alishughulikia meno manne ya mbele ya juu tu. Ya chini ameyaacha yalivyo. Anasema hayo hayamsumbui.