Uppsala ni mji mzuri, kwa mwenye ofisi

Vijana wa nyumbani wanaofanya kazi za mtandaoni wakiniuliza kama wahamie Uswidi, swali huja limeshajijibu. Intaneti ina kasi, umeme haukatiki, maji ya bomba yananyweka, mtu unabaki na bosi wako wa Dar au Nairobi na mshahara unaingia kama kawaida. Shida iko wapi? Yote hayo ni kweli. Naishi Uppsala, nashughulikia mifumo ya malipo ya kampuni moja ya Dar es Salaam, na kwenye vikao vyetu wanaopotea hewani ni wao, si mimi. Lakini jibu langu siku hizi ni kwamba huu ni mji mzuri sana kwa mtu mwenye ofisi humuhumu ndani yake. Ambaye ofisi yake ni kompyuta iliyo mezani nyumbani, yale mazuri yanayosifiwa ya Uswidi mengi yatampita pembeni.

Nianze na mji wenyewe, maana una haki yake. Uppsala uko kama kilomita 70 kaskazini mwa Stockholm, dakika 40 hivi kwa treni. Ni wa nne kwa ukubwa nchini, na manispaa yake ina watu zaidi ya laki mbili. Kwetu tungeuita mji wa mkoa. Unauvuka kwa baiskeli bila kutoa jasho, njia za baiskeli zinaondolewa theluji mapema asubuhi, na ukipotea unatafuta minara ya kanisa kuu, karibu mita 119 kwenda juu, unajua ulipo. Chuo kikuu kipo tangu 1477. Waafrika si wageni hapa: Taasisi ya Nordic ya Afrika ilianzishwa mjini hapa 1962, na Kiswahili kimefundishwa chuoni, na kati ya waliokifundisha yumo Profesa Abdulaziz Lodhi, mtu wa Zanzibar. Kuna pia chuo kikuu cha sayansi za kilimo, SLU, kule Ultuna kusini mwa mji, ambako Watanzania wamekuja kusoma kwa miaka mingi. Hao wote walikuja na kitu kimoja ambacho mimi sina. Walikuwa na mahali pa kwenda asubuhi, na watu waliokuwa wakiwasubiri huko.

Mke wangu yuko hapo Ultuna, anasoma uzamivu. Uswidi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa: ana mshahara, ana likizo, ana chama cha wafanyakazi. Kibali changu cha kuishi kimetokana na chake, kwa sababu Uswidi haina viza maalumu ya watu wa kazi za mtandaoni, na wanaodhani watakuja na paspoti na laptopu tu wajue hilo kabla ya kuuza kiwanja. Tumefika pamoja, tunalala nyumba moja. Ila yeye anaishi Uppsala, na mimi naishi Mikocheni ya Dar, nimevaa soksi mbilimbili.

Chukua fika, yale mapumziko ya kahawa ya Waswidi. Asubuhi saa nne hivi, na tena alasiri, idara nzima huacha kazi, watu wanakaa kwenye meza moja na kahawa na mkate wa mdalasini. Profesa anakaa na fundi wa maabara. Mtu akipita anaona watu wanapumzika. Kumbe ndipo habari zote za mji zinapopita: mke wangu aliletewa hapo habari za daktari wa meno anayepokea wagonjwa wapya, za mtu anayeuza baiskeli ya mtoto, za namna ya kujiandikisha kwenye foleni ya nyumba. Foleni hiyo si ya kusimama. Unajisajili, siku zinahesabika, na nyumba ya kupanga yenye mkataba wa kudumu anaipata mwenye siku nyingi. Asiyeambiwa mapema anapanga kwa mtu aliyepanga, kwa mkataba wa muda, akiomba Mungu mwenye nyumba asirudi. Mwezi wa Agosti, wanafunzi wanapofurika, hata hiyo haipatikani.

Waswidi si watu wabaya wala si wakavu kama wanavyosemwa kwenye makundi ya diaspora. Maneno wanayo. Ila wanayatoa pale palipopangwa kuyatolea, na mahali pakubwa pa kuyatolea ni kazini. Jirani wa ghorofa yetu hunisalimia kwa kichwa kwenye lifti, tena kwa heshima, na safari inaishia hapo. Sehemu pekee ya jengo ambako nimewahi kuongea na majirani kwa kirefu ni chumba cha kufulia, na mada ilikuwa chujio la mashine ya kukaushia, ambalo mtu fulani hakulisafisha. Chumba hicho unakiweka oda kwa saa, na ukizidisha dakika kumi utakuta karatasi ukutani imeandikwa kwa adabu inayochoma.

Kisha kuna namba. Ukiwa na kibali cha mwaka au zaidi unaandikishwa na Skatteverket, mamlaka ya kodi, unapewa namba ya utambulisho. Kwa namba unapata kitambulisho, kwa kitambulisho unafungua akaunti ya benki, kwa akaunti unapata BankID, utambulisho wa kidijitali wa kwenye simu, na bila BankID huingii popote: hospitali, shuleni, posta, hata Swish, ile njia ya kutumiana pesa kwa simu. Sisi wa M-Pesa tunacheka kidogo hapa, maana Swish ilianza 2012 na mama zetu vijijini walikuwa wameshazoea kutoa na kuweka. Lakini M-Pesa unasajiliwa kibandani kwa kitambulisho na alama za vidole, unaondoka. Mke wangu alikwenda benki na barua ya mwajiri wa Uswidi, mambo yakaisha. Mimi nilikwenda benki hiyohiyo na mkataba wa Dar, uliopigwa muhuri na kila kitu, wakaniuliza maswali ya chanzo cha fedha mpaka nikajihisi nimeiba. Nilikuja kupata akaunti, ila baada ya barua na barua. Wakati huo wote nilikuwa mtu mzima ninayeomba mkewe amlipie basi.

Kodi ndiyo sehemu ambayo watu hawataki kuisikia, kwa hiyo nitaisema taratibu. Ukiishi Uswidi, mshahara unaolipwa Tanzania unatozwa kodi Uswidi. Upo mkataba wa nchi mbili hizi wa kuzuia kodi kutozwa mara mbili, lakini mkataba haukufanyi uonekane hauko hapa. Kodi ya manispaa na mkoa peke yake inakaribia theluthi ya kipato. Juu ya hapo kuna michango ya hifadhi ya jamii: mwajiri wa kawaida hulipa asilimia 31.42 juu ya mshahara wa mtu. Bosi wa Dar ukimwambia ajisajili Uswidi na alipe michango, utasikia simu inakata, na safari hii si mtandao. Wengi wetu tunaishia kujisajili kama tuliojiajiri, tunaitoza kampuni yetu ankara, na michango tunailipa wenyewe, kwa kawaida asilimia 28.97. Mimi sipingi kodi hizo. Naona zinakokwenda kila ninapopita kwenye njia ya baiskeli iliyopigwa chumvi.

Kinachoniuma ni kwamba mlipaji huyu hapati vilevile. Mke wangu akiugua, wiki mbili za kwanza mwajiri wake anamlipa asilimia 80 ya mshahara baada ya makato ya mwanzo. Mimi niliyejiajiri, kwa utaratibu wa kawaida siku saba za kwanza hakuna kitu. Yeye sheria inampa likizo ya siku 25 kwa mwaka, na haki ya wiki nne mfululizo kati ya Juni na Agosti. Julai Uppsala yote imeondoka. Wako ziwani, wako kwenye vibanda vyao vyekundu msituni. Mimi nina Sabasaba, kisha kikao cha Jumatatu. Wapo wanaolipiwa na mwajiri ada ya mazoezi. Mimi nalipiwa bando, na nashukuru.

Halafu jua. Majira ya baridi tumeachana na Dar kwa saa mbili. Ofisi inafungua saa mbili asubuhi, kwangu ni saa kumi na mbili, giza totoro. Desemba jua linachomoza karibu saa tatu na linazama saa tisa kasorobo. Kazi yangu inaisha saa tisa. Mtu anaweza kumaliza wiki nzima hajaliona jua ila kupitia dirishani, nyuma ya kioo cha kompyuta, na hakuna atakayemwambia atoke. Kilichoniokoa ni chakula cha mchana cha wenzangu. Saa saba ya Dar, wakienda kula wali maharage, kwangu ni saa tano asubuhi na mwanga upo. Hapo navaa, natoka, hata kama ni nyuzi kumi chini ya sifuri, nafuata Mto Fyris mpaka katikati ya mji na kurudi. Vidonge vya vitamini D pia, na hilo si utani kwa ngozi yetu.

Ili niwe mkweli, majira ya joto hali inageuka. Tofauti inabaki saa moja, namaliza kazi saa kumi jioni na jua linazama saa nne usiku. Hapo mfanyakazi wa mtandaoni ni mfalme. Miezi hiyo ndiyo inayopigwa picha na kutumwa nyumbani, na ndiyo inayowaleta watu.

Je, mtu afanye nini kama ameshafika? Watu husema ajiunge na ofisi za kukodi meza. Nimejaribu, unakuta watu wamevaa vipokea sauti masikioni, kila mmoja na bosi wake wa mbali, upweke wa pamoja kwa bei. Maktaba ya mji pale Svartbäcksgatan ni bora zaidi na ni bure. Lakini mlango wa kweli ni vyama. Nchi hii watu wana chama cha kila kitu: kuimba, kupanda bustani, kupiga makasia, kutambua uyoga. Uppsala hasa ni mji wa kwaya, na aliyelelewa kwenye kwaya ya usharika Moshi au Bukoba ana mtaji ambao hajui kama anao. Mazoezi ni jioni ileile kila wiki, kahawa ipo katikati, na kwa mara ya kwanza watu wanakuuliza wiki iliyopita ulikuwa wapi. Darasa la Kiswidi la manispaa, SFI, ni bure kwa aliyeandikishwa, na usikubali bosi aweke vikao juu ya saa za darasa. Wengi wanaahirisha kwa sababu Kiingereza kinatosha dukani. Dukani kinatosha, lakini kwenye fika mazungumzo yakinoga yanarudi kwenye Kiswidi.

Tofauti moja naikubali, nayo ni watoto wadogo. Mwenye mtoto wa chekechea anapata mahali pa kwenda asubuhi hata kama hana ofisi. Ada ya chekechea ina kikomo kwa sheria, asilimia tatu ya kipato cha familia kwa mtoto wa kwanza, na pale mlangoni, mkivua mabuti na kutafuta glavu iliyopotea, wazazi huongea. Sisi marafiki wetu wa kwanza wa kweli wametokea kwenye glavu hizo.

Kwa hiyo anayeniuliza namrudishia maswali mawili. Je, kampuni yako iko tayari kukubali kwamba unaishi Uswidi kisheria, na ipandishe malipo yako yafidie michango na siku za ugonjwa? Na je, itakuachia saa za darasa na jua la mchana bila kunung'unika? Bosi akikubali yote mawili, njoo Septemba, upate kuzoea kabla ya giza. Akikataa, tafuta kwanza kazi au masomo ndani ya Uppsala, hata ya nusu siku. Na kama hiyo nayo haipo, faiba siku hizi imefika Mikocheni, na wali maharage uko palepale.