Livingstone na Chemchemi za Nile

Zaidi ya miaka 2,000 kabla ya David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, kuzaliwa, karani wa hekalu moja nchini Misri alimsimulia Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, kwamba Nile inachimbuka kati ya vilima viwili, nusu ya maji yakienda kaskazini na nusu kusini. Herodotus aliiandika habari hiyo, ila akaongeza kwamba alimwona karani kama mtu anayetania. Livingstone aliichukua kama ilivyo. Tangu aliposhuka Zanzibar mwaka 1866 alizitafuta chemchemi hizo, na baadaye akaamini kwamba mto Lualaba ndio Nile.

Lualaba ni sehemu ya juu ya mto Kongo. Mwaka 1872 yeye mwenyewe aliandika katika shajara kwamba anaogopa huenda anaufuata Kongo, lakini akarudi kwenye vinamasi vya Bangweulu, akitokwa damu tumboni, mwishowe akibebwa na wapagazi wake hadi kijiji cha Chitambo alikofia Mei 1873.

Wanaoutetea ukaidi wake huo wana hoja nzito, nami naikubali. Livingstone alisema kwamba chanzo cha Nile kina maana kwake kwa sababu kitampa sauti ya kusikilizwa, na sauti hiyo aliitaka dhidi ya biashara ya watumwa. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa sokoni Nyangwe, kando ya Lualaba, watu wa wafanyabiashara wa pwani walipowafyatulia risasi akina mama waliokuja kuuza bidhaa zao. Mamia walikufa, wengi wakizama mtoni. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akayaandika aliyoyaona juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa matunda ya porini. Habari hizo zilipofika Uingereza zilizidisha shinikizo, na Juni 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Mtu asiye na kichwa kigumu asingekuwepo Nyangwe siku ile.

Kwa hiyo chemchemi namsamehe. Linyanti, mji wa Wakololo, ndipo ninaposhindwa. Mwaka 1859 wamisionari walianza safari kwenda huko, ng'ambo ya jangwa la Kalahari, kwa sababu Livingstone alikuwa ameisifia nchi ile na wao walitarajia kumkuta huko. Hakuwepo. Wazungu walikuwa tisa pamoja na watoto. Sita wakafa, miongoni mwao kiongozi wao Holloway Helmore, mkewe na watoto wao wawili. Livingstone alifika baadaye, mwaka 1860. Alichokiandika ni kwamba dawa ya homa ilikuwa ndani ya gari lake la ng'ombe alilolikuta palepale, hatua chache kutoka mahali walipofia. Alihesabu kosa kuwa lao. Ndivyo alivyokuwa: kwenye safari ya Zambezi aligombana na karibu kila Mzungu aliyefuatana naye, akamfukuza mchoraji Thomas Baines kwa tuhuma ya wizi ambayo Baines aliikana hadi mwisho.

Watetezi wake watasema ukali ule ulikuwa kwa Wazungu wenzake tu, na kweli Chuma na Susi, watumishi wake Waafrika, waliusafirisha mwili wake zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, jambo ambalo hakuna awezaye kulazimishwa kulifanya kwa maiti. Ushahidi huo ni mkubwa. Lakini nyumbani kwake hapakuwa na Chuma. Mkewe, Mary, alirudishwa Uingereza mwaka 1852 na watoto wanne, akaishi kwa dhiki hadi akaingia kwenye ulevi. Akamfuata mumewe Zambezi na kufa kwa homa Shupanga mwaka 1862. Mtoto wao Robert aliishia kuwa askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akifa mateka mwaka 1864. Livingstone aliandika baadaye kwamba anajuta kutocheza na watoto wake walipokuwa wadogo. Robert alikuwa amejiandikisha kwa jina la Rupert Vincent. Alimweleza baba yake katika barua kwamba amebadili jina ili asizidi kuliaibisha jina la baba huyo.