Siku ya pili bila kahawa

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi muuza kahawa wa mtaa wetu wa Majengo alisimama, si penye benchi la drafti wala mbele ya duka, bali chini ya dirisha langu hasa, akaanza kugonganisha vikombe vyake. Kwa miaka 11 mlio ule ulikuwa furaha yangu. Leo kila mgongano ulikuwa msumari unaopigiliwa utosini. Nilifungua dirisha nikamwomba, kwa adabu zote za mtu mzima, asogee mbele kidogo. "Mzee, jana hukuonekana," akanijibu, na tayari alikuwa ameshamimina.

Nimeacha kahawa kwa hiari yangu, kama hiari ndilo jina la hali ya mtu anayepata usingizi saa nane na kuamka saa kumi, akiwa amekwisha kusuluhisha kitandani migogoro yote ya ukoo. Vikombe vinane kwa siku kijiweni, bila kuhesabu chai, si haba. Juzi jioni nilitangaza mbele ya benchi zima kwamba basi, na chai pia basi, nao wakanipa mkono wa pole kama niliyefiwa.

Tatizo ni kuyafanya haya ukiwa Moshi, mji wenye mnada wa kahawa, ambako chama kikuu cha ushirika, KNCU, kipo tangu 1933. Babu yangu alipalilia mibuni chini ya migomba ya kihamba chake maisha yake yote, akauza hadi punje ya mwisho, na yeye mwenyewe akanywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kichwa kilimuuma pia, lakini kwa sababu nyingine.

Jana ilikuwa miayo tu, pamoja na maneno niliyomwambia kondakta aliyenitaka nisogee nyuma, ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilisogea. Leo mama watoto aliniwekea uji mezani kwa mkono ulionyooka, kama anayemlisha mbwa asiyemfahamu, na nilipoumaliza nikaenda duka la dawa.

Binti wa pale alinipa shikamoo nzuri, akanisikiliza, kisha akaweka juu ya meza paketi nyekundu. "Hii ya kawaida haitakufaa, baba. Chukua hii kali." Niliinyoosha mbali na macho, maana miwani niliisahau nyumbani pamoja na akili, nikasoma: parasetamoli miligramu 500, kafeini miligramu 65.

"Binti, hii ni kahawa."

"Siyo kahawa, baba, ni dawa."

"Imeandikwa kafeini."

"Hiyo inaisaidia dawa ifanye kazi vizuri."

Ilinibidi nieleze, kwa utulivu, kwamba ugonjwa wenyewe ni kuacha kafeini, na kwamba hamtibu mlevi anayeacha pombe kwa kumpa kiroba. Nilidhani nimeeleza kwa utulivu. Nyuma yangu foleni ilinyamaza, hata mtoto aliyekuwa akikohoa. Binti akauliza nimeacha lini, nikasema juzi jioni, na hapo akanisomea hukumu: mishipa ya damu kichwani ilizoea kubanwa na kafeini, sasa imetanuka, ndiyo maana inagonga, maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya kuacha, siku ya kwanza na ya pili ndizo mbaya zaidi, na mambo yote yanaweza kufika siku ya tisa.

"Ya tisa?"

"Ulitakiwa kupunguza kidogo kidogo, baba."

Kijana wa bodaboda akashauri nimeze tu, kwani kwenye kidonge utaisikia ladha? Mama mwenye mtoto akasema tangawizi. Mzee mmoja, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema kaka yake aliacha kahawa akaanza kugombana na kuku. Watu wakacheka, nami nikagonga meza kwa kiganja, nikasema mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu wawili na nataka parasetamoli tupu, isiyo na kitu kingine ndani yake, na sauti yangu mwenyewe ilinipasua kichwa vipande viwili.

Akanipa. Ilikuwa shilingi 800, nikatoa noti ya 1,000. Akafungua droo, akaifunga. "Chenji sina, baba, chukua pipi." Nikaipokea nikiwa nimechoka kubishana, na nje ya mlango ndipo nikaisoma karatasi yake. Pipi ya kahawa.

Sasa niulize: sarafu za 200 za nchi hii zimekwenda wapi? Kondakta hana, muuza nyanya hana, duka la dawa halina, na kila mmoja anakutazama kana kwamba wewe ndiye umezificha. Mtu pekee niliyemwona nazo ni yule wa dirishani. Ana kopo zima, analitikisa akipita. Nilifikiria kwenda kumwomba anibadilishie noti, kubadilisha tu, lakini huyo hajawahi kukubadilishia noti kabla hajamimina. Pipi iko mfuko wa shati, na karatasi yake inalia kila ninapoinama.