Pingamizi la siku nne kabla

Karatasi yenyewe ilikuwa moja, mistari minne. Ilitufikia zikiwa zimebaki siku nne rufani isikilizwe: wakili wa mjibu rufani anaarifu kwamba atapinga, kwa kuwa tarehe ya tuzo, yaani hati ya amri inayotolewa kutokana na hukumu, haifanani na ya hukumu. Hukumu ya tarehe 12, tuzo ya tarehe 21. Kumbukumbu za rufani, lile jalada lenye nyaraka zote za kesi, alikuwa nazo zaidi ya mwaka.

Mteja wetu, mzee wa makamo ya babu yangu, akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo shamba langu hawatalizungumzia?"

Hawakulizungumzia. Rufani iliondolewa.

Wakili yule hakuvunja sheria, na hilo ndilo linaloniudhi. Kanuni ya 107 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania za 2009 inamtaka anayepinga atoe taarifa siku tatu kamili kabla. Basi.

Sisemi mapingamizi yafe. Mahakama isiyo na mamlaka haina cha kusikiliza. Lakini katika kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969, ile ambayo mawakili wa Afrika Mashariki tunaikariri kama sala, Jaji Newbold alishakemea tabia ya kuleta mapingamizi yasiyostahili: yanaongeza gharama na kuvuruga hoja. Tunainukuu kesi hiyo tukiwa tunapinga!

Kisa changu ni cha kabla ya 2018, ilipokuja kanuni ya oksijeni, ile inayoitaka mahakama itende haki bila kufungwa mno na ufundi wa kisheria. Mwaka 2019 ukafunguliwa na mlango wa kuleta kumbukumbu za nyongeza pale waraka unapokosekana. Hali imepoa, nakiri. Ila Mahakama imeshasema oksijeni haifuti masharti ya lazima, kwa hiyo wawindaji bado wana pori.

Watu husema kuondolewa si kutupiliwa mbali, unaweza kurudi. Unarudi vipi? Kwa maombi ya kuongezewa muda, na hati ya kiapo inayoeleza kila siku uliyochelewa, moja moja, hata ile uliyokuwa kitandani na homa.

Ningependa aliyepokea kumbukumbu apewe siku 30 za kutaja kasoro anazoziona. Akinyamaza, amezikubali, isipokuwa suala la mamlaka na la ukomo wa muda. Majaji wakigundua kasoro nyingine wenyewe, waamuru irekebishwe, tuendelee.

Tuzo ya mzee msajili aliirekebisha baadaye. Tarakimu mbili tu zilikuwa zimepishana.